Kubomoa Duka la Kiritiri

Siku ile ukuta wa duka la mama ulipochorwa X nyekundu, alichukua kitambaa chenye mafuta ya taa akaanza kuifuta. Barabara ilikuwa inapanuliwa, na sehemu ya mbele ya ploti yetu pale Kiritiri ilikuwa imeingia ndani ya ardhi ya barabara. Tuliambiwa tubomoe wenyewe, la sivyo wangekuja watu wa barabara. Sehemu ya nyuma tuliachiwa. Mama aliposikia hivyo aliweka kitambaa chini, akasema atajenga tena hapo nyuma, duka dogo zaidi, kwa mawe yaleyale.

Hakuwa na kitu kingine. Baba alishafariki, habari za fidia tulikuwa tunazisikia redioni tu, na mimi mshahara wangu wa ualimu kule Nchiru ulikuwa haunitoshi hata mwenyewe. Mawe yakitoka mazima, mama ana duka. Yakivunjika, hana, na duka ndilo lililokuwa likimwamsha asubuhi.

Kazi ya kutafuta kontrakta iliniangukia mimi, kifungua mimba, maana ndugu zangu walikuwa hodari wa kushauri kwa simu. Wa kwanza alitoka Embu mjini. Alikuwa na katapila, na hata ndani hakuingia, alisimama juani akiangalia jengo kwa jicho moja.

"Madam, hii ni kazi ya asubuhi tu," alisema. "Mashini inaingia, inasukuma, imeisha. Kifusi nitabeba mimi."

"Na mawe?"

"Mawe gani tena?"

Nilimfukuza kwa adabu. Wa pili alikuwa kiongozi wa kikundi cha wabomoaji kutoka upande wa Meru, watu wa nyundo na mtaimbo. Hawa huwa hawataki malipo. Wao huchukua mabati, mbao na vyuma, mwenye jengo anabaki na mawe yake, na kila mtu anakwenda kwao ameridhika. Alinieleza vizuri sana jinsi watakavyoanza na paa, kisha ile mikanda ya zege ya juu, kisha mawe, mstari kwa mstari, mmoja akiwa juu analegeza na mwingine chini anapokea.

"Madam, hayo mawe yatashuka kama mayai kwa trei," aliniambia. Akaugonga ukuta kwa kidole kama mtu anayechagua tikiti maji, akatabasamu. Ukuta wenyewe ulikuwa umepigwa plasta ndani na nje, mweupe, hakuna aliyeona kilichokuwa kati ya jiwe na jiwe. Na kwa nini tuangalie? Maduka mengine yote ya mstari ule yalijengwa namna moja, mawe yakashikwa kwa udongo, simiti ikapakwa nje kwa ajili ya macho ya watu. Jirani yetu muuza nyama, mzee wa Kiislamu, alikuwa ameshabomoa bucha yake yeye na wanawe. Mawe yake yalikuwa yamepangwa nyuma ya ploti, yakingoja tu kufutwa vumbi.

Paa letu lilishuka bila shida. Mabati na mbao zikapakiwa kwenye lori. Kisha mtaimbo ukaingia chini ya jiwe la kwanza, na jiwe likapasuka katikati. La pili likapasuka. La tatu likatoka vipande, na ile simiti iliyolishika ikabaki pale ukutani, nzima, haina hata ufa. Kiongozi alimgombeza kijana wake, akachukua mtaimbo mwenyewe, akapasua lake.

Mama alikuwa ameketi kwenye kreti ya soda ng'ambo ya barabara. Aliinuka akaja.

"Hamuwezi," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesimulia arusi. "Marehemu mume wangu alifukuza fundi aliyetaka kutuwekea udongo. Kila karai alichanganya mwenyewe, simiti karibu sawa na mchanga. Mimi ndiye nilikuwa naleta maji."

Kiongozi alinitazama. "Madam, mbona hukuniambia? Simiti ya hivyo ni ngumu kuliko jiwe. Haiachi."

Sikuwa najua. Mama alijua, lakini kwake ile ilikuwa sifa, na nani huwaza kwamba sifa ya ukuta ni jambo la kumwambia mbomoaji? Walijaribu hadi jua likawachosha, wakaniomba radhi, wakaondoka na mabati yao kama tulivyopatana. Nilikaa juu ya rundo la vipande nikalia waziwazi, watu wakipita.

Muuza nyama alikuja taratibu. "Mama, mimi nimebakiwa na mawe," alimwambia mama. "Bucha yangu mpya ni ndogo. Yachukue, uanze nayo."

"Asante, baba. Hayo ni ya udongo."

"Mama!" nilisema. Nilikasirika kweli. Mzee alirudi kwake akitikisa kichwa.

Ikabidi nimpigie simu yule wa Embu. Katapila lilikuja likasukuma ukuta wa mbele, likazima. Likawashwa, likarudi nyuma, likasukuma tena. Dereva alitoa kichwa dirishani akauliza kama hili jengo lilikuwa benki. Watu waliokusanyika wakacheka. Kona ya upande wa bucha ndiyo iliyosumbua zaidi, na ilipoanguka ilianguka ikiwa imeshikana, kipande kimoja kikubwa, kikalala pale ambapo mama alitaka kujenga.

Mama alinishika mkono. Tangu ile alama ya X sikuwa nimemwona na uso wa furaha kama ule.

"Umeona alivyojenga?" aliniuliza kwa Kimbeere, lugha yetu ya nyumbani.

Nikamwambia nimeona. Mungu anisamehe, nilikuwa natamani baba angekuwa bahili wa simiti kama wenzake.