Kikwembe cha Shangazi na Mama Mudogo

Sisi tuliokulia Kabondo, hapa Kisangani, enzi zile tulijua tofauti ya shangazi na mama mudogo kabla hata ya kujua kusoma. Shangazi ni dada wa Papa. Akikohoa tu, unasimama wima. Mama mudogo ni mdogo wake Mama, na mbele yake unaweza kulia bila sababu. Leo watoto wetu wanamwita kila mwanamke tantine. Jirani ni tantine, muuza mikate ni tantine, hata yule anayeuza vocha za simu barabarani ni tantine. Ukimuuliza mtoto huyo ni tantine wa upande gani, anakutazama kama umempa hesabu ngumu.

Mimi nilikuwa na wote wawili, na kuna msimu mmoja wa mvua walikaa kwetu pamoja. Mama alikuwa na mimba, na daktari alisema alale hospitali mpaka ajifungue. Papa alikuwa karani, mtu mpole, aliyejua kupiga pasi shati lake na kuchemsha chai, basi. Kwa hiyo akatuma habari pande zote mbili za ukoo ili mtu aje kututunza mimi na kaka yangu Idi. Pande zote mbili zikaitika.

Shangazi Zuhura alifika kwanza kutoka Simi-Simi, amekaa nyuma ya toleka, zile baiskeli za kubeba watu, amepakata sufuria yake ya wali kama mtoto mchanga. Alitoka katika zile familia za Waislamu wa zamani wa Kisangani, mwenye sala zake na utaratibu wake. Wali wake ulinukia iliki mpaka kwa majirani. Siku chache baadaye akaja Mama Mudogo Beatrisi, kwa treni ya Ubundu, akavuka mto kwa mtumbwi na kikapu cha samaki wa moshi. Yeye alikuwa Mkatoliki, mwenye kicheko cha kuwatoa watu nje, na kwake mtu ambaye hajala lituma, ndizi zilizochemshwa na kupondwa, bado hajala kitu.

Waliheshimiana sana kwa maneno. Waliulizana habari ya usiku, habari ya mgongo, habari ya watu wa nyumbani. Lakini jiko hawakuchangia. Shangazi aliweka mbabula yake, jiko la makaa, karibu na mlango, Mama Mudogo akawasha moto wake upande wa choo cha jirani, na kila mmoja akapika kama mwenzake hayupo. Sisi watoto tukanenepa. Tulikula wali na maharage kwa Shangazi, tukaenda kucheza nzango na wasichana wa mtaa, kuruka na kupiga makofi mpaka matope yatufike magotini, kisha tukaitwa kula lituma na pondu, yaani kisamvu, yenye mawese kwa Mama Mudogo. Tukiulizwa wapi palikuwa patamu, Idi alijibu kwamba tumbo lake limejaa. Nadhani ndiyo sababu leo anafanya kazi ya siasa.

Hata nywele zangu ziliingia katika mashindano. Shangazi alinisuka mistari ya kubana mpaka macho yakavutika. Mama Mudogo akaifumua na kunifunga kwa uzi mweusi, vijiti vimesimama kichwa kizima. Nilikwenda shule hivyo, najiona malkia.

Halafu alasiri moja Papa akarudi kutoka hospitali bila koti lake, shati limelowa mvua. Mtoto alikuwa amezaliwa mapema, msichana, mzima, lakini Mama alikuwa amepoteza damu nyingi. Walihitaji mtu wa kumtolea. Mama Mudogo alikuwa amesimama kabla Papa hajamaliza. Ni dada yangu, alisema, damu ni ile ile. Shangazi alijifunga kitambaa kichwani akamfuata. Toleka mbili zilitoka kwetu zikifuatana kwenye matope, na sisi tukabaki na jirani, tukitazama mioto miwili ikizimika yenyewe.

Yaliyotokea huko nilisimuliwa baadaye na Papa. Damu ya Mama Mudogo ilipimwa, haikupatana na ya Mama. Akarudi kukaa kwenye benchi. Ikapimwa ya Shangazi, ikapatana. Shangazi alinyoosha mkono wake mwembamba, akageuza uso ukutani, na midomo yake ikawa inasoma dua mpaka walipomaliza.

Mama alipona. Lakini ninachokumbuka mimi kwa macho yangu ni kesho yake. Shangazi alikuwa amelala kwenye mkeka barazani, amechoka, na Mama Mudogo hakuwasha moto wake. Alikwenda kwenye mbabula iliyo karibu na mlango, akachukua sufuria ya Shangazi, akapika wali. Hajawahi kupika wali vizuri maishani mwake. Chini uliungua, juu ukawa uji. Akaupakua, akauweka mbele ya Shangazi, akapiga magoti.

"Yaya, miye sijue kupika muchele," akasema, na yaya kwetu ni dada mkubwa. "Lakini kula tu. Ulimupa dada yangu damu."

Shangazi alijikokota akakaa, akanawa, akala. Alikula polepole mpaka sahani ikawa tupu.

"Muchele iko muzuri," akasema. "Kesho utanifundisha lituma."

Kabla Mama hajatoka hospitali walikwenda sokoni pamoja, wakanunua kikwembe kimoja, kitenge cha bluu chenye ndege wa njano, wakakikata katikati juu ya meza yetu huku wakigombana mkasi upite wapi. Siku Mama aliporudi na mtoto, walimpokea mlangoni wamevaa sawasawa. Mtoto aliitwa Beatrisi Zuhura. Tangu siku hiyo Shangazi alimwita Beatrisi, na Mama Mudogo anamwita Zuhura mpaka leo.

Shangazi ametutangulia. Nusu yake ya kikwembe aliniachia mimi, na nusu ya pili Mama Mudogo alimpa mdogo wangu huyo alipoolewa. Rangi imepauka, ndege wamekuwa weupe. Kila kiangazi tunavianika vipande hivyo kwenye kamba moja, na wapita njia hudhani ni nguo za kuuza.

Siku hizi shangazi ni uso kwenye simu. Anapiga kutoka Kinshasa au Ulaya, anauliza kama umefaulu, mtandao unakatika. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshakuwa uso wa namna hiyo kwa binti ya Idi, Neema, anayekaa Goma. Mwezi uliopita akanipigia, si kuomba vocha. Aliomba kuja kwangu Kisangani likizo nzima ya shule. Ameshafika. Anapenda nyama ya kuku tu, analala mpaka jua linapanda, na jana alitaka kujua kwa nini namwita mama yake wifi, tukacheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Mama yake amepiga simu kuuliza nitamrudisha lini. Nimemwambia barabara ni mbaya, asiwe na haraka.