Rakaa Mbili za Msafiri

Mfikirie Fortunata anavyofika. Kwapani ana kiti cha kukunja, begani mkoba wa dawa, na mkono wake wa kulia umeshikwa na Bibi Zuwena, anayetembea kwa hesabu, hatua, pumzi, hatua. Njiwa wanawapisha shingo upande. Uwanja huo uko Izmir, Uturuki, lakini Fortunata ni mwenzetu wa hapa hapa Dubai, mfanyakazi wa ndani mtaa wa Al Garhoud. Mwaka huu wa 2014 familia ilikwenda likizo ya siku tatu, naye akachukuliwa ili amshike Bibi mkono.

Katikati ya uwanja kuna kimsikiti cha zama za Waothmani. Kidogo! Kina pembe nane na vigae vya samawati, ungedhani mtu amesahau birika lake la kauri katikati ya watu. Bibi alipokiona aliangua kicheko. "Hiki tutakijaza sisi wawili tu, Fatu." Ndivyo walivyomwita nyumbani, jina lake refu liliwachosha.

Fortunata hakucheka. Nami niwaambie kwa nini, maana alinisimulia mwenyewe.

Baba yake ni Rajabu, Mwislamu wa Tabora, ila yeye amelelewa na mama, Mkatoliki, akapata kipaimara na kuimba kwaya. Wakala wa Dar aliposoma pasi yake alipiga meza: "Rajabu! Dada, bahati umezaliwa nayo. Kuna familia ya Dubai, asili yao Unguja, wanataka Mwislamu ajuaye Kiswahili amtunze bibi yao. Andika Mwislamu." Akaandika. Miaka miwili sasa, kila saa ya sala alifunga mlango wa chumba chake, akakaa kitandani na rozari. Hakuna aliyemuuliza.

Walipofika mlangoni mwa msikiti, madam, yaani Shamsa binti yake Bibi, alikuwa bado anawapiga watoto picha huko nje.

"Ingia, mwanangu," Bibi alisema. "Ukae kuliani kwangu uniangalizie rakaa. Kichwa changu siku hizi kinavuja."

"Nikusubiri hapa na viatu, Bibi."

"Viatu havendi pahala bila ya miguu. Njoo!"

Angeweza kusema yumo katika siku zake. Lakini alipolifikiria hilo, tayari alikuwa amesimama juu ya zulia.

Bibi alisali juu ya kiti, magoti yake hayakunji. Fortunata alisimama kando yake, akainama, akasujudu, kama alivyowaona wenye nyumba wakifanya. Adhuhuri husaliwa kimya, kwa hiyo hakuna aliyesikia kwamba midomo yake ilikuwa inasema Salamu Maria. Rakaa alizijua idadi: nne. Alizihesabu kwa vidole vya miguu.

Jambo moja tu hakulijua, na Mwislamu yeyote wa nyumba ile angelijua. Msafiri hupunguza. Nne zake huwa mbili.

Baada ya rakaa ya pili Bibi aligeuza uso kulia kutoa salamu, amalize. Akamwona Fatu anainuka. Akasita. Kisha, taratibu, akaurudisha uso mbele na kuendelea naye.

Hapo ndipo Shamsa aliingia, akasimama nyuma mpaka wakamaliza.

"Mama! Nne? Si nimekukumbusha asubuhi hotelini kwamba tunasali za safari?"

Bibi aliitazama mikono yake. "Ulinikumbusha?"

"Khalas, imetosha. Nilikwambia ukisahau tena, zile safari zako za Alhamisi basi."

Kila Alhamisi Bibi alichukua teksi peke yake kwenda kwa shoga yake, wakila mkate wa kumimina na kuwasengenya marehemu. Ndiyo siku aliyoingojea wiki nzima.

"Na wewe Fatu, hukumwambia?"

Fortunata alifungua kinywa. Bibi akamtangulia: "Muache mtoto wa watu. Alinifuata mimi. Mimi ndiye niliyekosea."

Fortunata akakunja kiti.

Ndugu zangu, Bibi hakusahau kitu siku ile. Alikuwa sahihi, aliyempotosha ni Fortunata, ambaye Bibi alimwamini. Fortunata anajua akisema ukweli atarudishwa Tabora, na wadogo zake wawili wako shule kwa mshahara huo. Aliponisimulia alikuwa ameinamisha uso kama mtu anayetafuta sindano sakafuni.

Teksi ya Alhamisi imekoma. Wiki iliyopita Fortunata alisimama mlangoni na chai, Bibi akamuuliza, "Fatu, leo Alhamisi, au nimekosea?" Ilikuwa Alhamisi, na Bibi aliijua vizuri. Siku hizi anauliza hata yale anayoyajua.

Ungekuwa wewe pale mlangoni, chai mkononi, ungemjibu nini?