Josué na Lamaro Walipokataa Uji

Ipo asubuhi moja ambayo bado naikumbuka, mwanangu, na nikiikumbuka mikono yangu huacha ilichokuwa ikifanya. Mvua ilikuwa inanyesha hapa Katwe. Wanawake wawili tulikuwa tumesimama mlangoni, watoto mgongoni, tukingoja ipungue ili twende kwa mzee wa kuchimba meno. Mmoja nilikuwa mimi. Mwingine alikuwa jirani yangu, Mama Lamaro.

Mimi si mzee, wala sijazoea kuwashauri watu. Lakini nina sababu ya kukuita mwanangu, na utaiona mbele.

Mama Lamaro na mimi tulipanga vyumba viwili vilivyopakana, vile vya mlango mmoja ambavyo hapa huitwa muzigo. Ukuta wa katikati ulikuwa mwembamba, hata akigeuka kitandani namsikia. Mume wake ni mwanajeshi, kwao ni kaskazini. Wangu huuza vitenge, na wakati huo alikuwa amevuka kwenda Kongo kutafuta bidhaa. Kiluganda hatukukijua vizuri, yeye wala mimi, kwa hiyo tuliishi kwa Kiswahili, chake cha kambini na changu cha Bukavu. Tulizaa msimu mmoja. Tulipikia sigiri moja ili makaa yasiungue mara mbili.

Watoto walipofika umri wa kuonja chakula, tuliwaanzishia pamoja. Mwanzo ulikuwa mtamu. Josué wangu alikuwa akiona kijiko tu, anapiga miguu. Lamaro alikula viazi vya kupondwa mpaka kwenye nyusi. Mama Lamaro alikuwa akinitania, "Mama Josué, huyu mtoto yako atamaliza chakula, halafu atakula sigiri."

Kisha wakaacha. Josué alianza yeye. Alifunga mdomo, akageuza uso ukutani. Nikibahatisha kuingiza kijiko, anautoa uji wote kwa ulimi, taratibu, huku ananitazama. Haikupita wiki, Lamaro naye akakataa.

Kuna namna ya kulisha ambayo mama zetu waliitumia, labda hata wewe ulilishwa hivyo. Unamlaza mtoto mapajani, unakinga kiganja chini ya mdomo, unakijaza uji, kisha unamziba pua kidogo. Mtoto anameza kwa sababu anataka kupumua. Tulifanya hivyo, mimi upande wangu na yeye upande wake, na ukuta ule mwembamba ukawa unapitisha vilio viwili. Baada ya hapo Josué akawa analia akiona kikombe tu, hata kikiwa kitupu.

Sijui kama umewahi kukataliwa na mtoto wako mwenyewe. Unapika kwa uangalifu, unapoza, unaonja, halafu anakutazama kana kwamba wewe ni mtu anayetaka kumdhuru. Nililia ndani ya sufuria. Nilianza kumpima kwa macho, shingo, mapaja, vifundo vya mikono, na kila nilipotazama niliona amepungua. Niliwaza kwamba maziwa yangu yameharibika. Niliwaza kwamba kuna mtu ametutazama vibaya. Saa nyingine niliwaza kwamba Mungu amejuta kunipa, anamrudisha polepole.

Kwenye bomba la maji wanawake walisema ni ebinyo, meno ya uongo. Watu wengi hapa wanaamini kwamba chini ya fizi za mtoto huota vimeno vibaya vinavyomzuia kula, na visipochimbwa vitamuua. Mama Lamaro aliwafunua midomo watoto wote wawili, akapitisha kidole. "Ziko hapa," akasema. "Nyeupe. Ona." Na kweli, nilipotazama niliona weupe chini ya nyama. Sikujua kwamba weupe ule ni meno yenyewe, yale ambayo kila mtoto huyaota. Ng'ambo ya mfereji palikuwa na mzee aliyechimba kwa spoku ya baiskeli iliyonolewa. Walisema mtoto akitoka pale anakula siku hiyo hiyo. Tukapanga kwenda pamoja, ili mmoja ashike wakati mtoto wa mwenzake anachimbwa.

Ndivyo tulivyokuwa mlangoni asubuhi ile. Boda boda ikasimama kwenye tope na shangazi yangu akashuka, amejifunika nailoni. Anakaa Kibuli, na alikuja bila taarifa, kama kawaida yake. Akauliza tunakwenda wapi na watoto katika mvua. Nikamwambia. Alinishika mkono, akaniingiza ndani, akamfungua Josué mgongoni mwangu, akaketi naye kitandani. Mama Lamaro alibaki pale pale kizingitini.

Na tangu hapo shangazi alizungumza Kishi, lugha ya kwetu. Alinigombeza kwa sauti ya chini, na sauti yake ya chini ni mbaya kuliko kelele. Aliishika nepi ya Josué, akaniambia niishike na mimi, nione ilivyo nzito kwa mkojo. Akaniambia nimpe ziwa, na Josué akanyonya kwa pupa. Akamweka chini, na mtoto akatambaa kufuata kandambili zake. Halafu akampitisha kidole kwenye fizi, na Josué akakiuma.

"Huyu ana jino linalokuja," akasema. "Fizi inamuuma, na wewe umemfundisha kuogopa kijiko. Mtoto anayekojoa hivi, ananyonya hivi, anacheza hivi, hafi kwa kukataa uji. Leo atakula, kesho atakataa. Umngoje. Mtoto aliyelegea, mwenye joto, asiyekojoa, huyo unakimbia naye hospitali. Kwa mwenye spoku hakuna mtoto wa kumpeleka."

Mimi nikasema watu wote wanapeleka.

"Unajua kaka yako mkubwa alikufa na nini?"

Nilijua ni homa. Ndivyo nilivyoambiwa tangu utoto.

"Alichimbwa," akasema. "Mimi ndiye niliyemshika kichwa."

Mvua ikapungua. Mama Lamaro akauliza kutoka mlangoni, "Tunaenda?" Shangazi hakugeuka. Alikuwa akimfunga Josué nepi. Nikajibu kwamba mimi nabaki. Mama Lamaro akacheka kidogo. "Basi, Mkongo ameogopa damu," akasema, akavuta leso juu ya kichwa cha mwanawe. Lamaro alikuwa amelala mgongoni mwake, shingo imeinama upande. Alikuwa ameharisha tangu siku iliyotangulia, na nguo ya mama yake ilikuwa imelowa jasho la mtoto. Niliona hayo yote. Nilikuwa nimetoka kuelezwa mtoto mgonjwa anafananaje.

Alipokwisha kuvuka mfereji, nikamuuliza shangazi, "Na Lamaro?"

"Yule ana watu wake," akasema. "Nikimkataza atasema Mkongomani anamwonea. Mimi nimesema na mwanangu."

Lamaro alirudi na kitambaa mdomoni. Hakula siku hiyo, na ziwa hakuliweza tena kwa sababu ya vidonda. Mdomo ulivimba. Mama yake alipomkimbiza hospitali, daktari alimwambia kwamba mtoto alikuwa ameishiwa maji kwa kuharisha, na kwamba siku ile ya mvua angelipelekwa pale, maji hayo yangeliweza kurudishwa. Sasa palikuwa na kidonda kilichooza juu ya mwili ambao hauna nguvu. Walijaribu. Lamaro alizikwa kwao kaskazini.

Josué jino lake lilitoka. Shangazi aliniagiza nimwekee ndizi mbivu iliyopondwa na mchuzi kidogo wa karanga, nimwache aishike kwa mikono, nigeuze uso. Nilifanya hivyo. Akachezea, akapaka nguo, akalamba vidole. Siku nyingine alikula vizuri, siku nyingine hakutaka kitu ila ziwa, na nikajifunza kutokuwa na hofu. Lakini furaha haikurudi. Mama Lamaro aliporudi kutoka mazikoni, ukuta ulikuwa bado mwembamba. Nilimsikia amekaa. Nilikuwa nikimlisha Josué kwa vidole ili kijiko kisigonge sahani.

Alihama kabla ya mwezi kwisha. Siku ya kuondoka alisimama pale kizingitini, mahali pale pale, na nilidhani atanitukana. Ningefurahi kama angenitukana.

"Siku ile shangazi yako alisema sana," akaniambia. "Mimi nilikuwa hapa. Nilisikia yote, sikuelewa hata moja. Wewe na mimi tunaongea Kiswahili kila siku. Kwa nini yeye hakusema kwa Kiswahili?"

Aliniangalia kidogo, akamwangalia Josué aliyekuwa akivuta pindo la gauni lake, akavitoa vile vidole taratibu, kimoja kimoja, akaenda. Simu yake haipatikani.

Nilimwambia shangazi. Hakujitetea. Aliacha chai yake, akaomba boda boda yake iitwe. Siku hizi akimwona mwanamke yeyote na mtoto, Mganda, Mnubi, mtu wa kaskazini, anamsimamisha njiani na kumuuliza kama mtoto anakojoa. Wengine wanamcheka. Lamaro hatarudi kwa hilo.

Basi sikiliza, mwanangu. Mtoto anayeanza chakula hamu yake hupanda na kushuka. Meno yakimsumbua atakataa, mafua yakimbana atakataa, na pengine atakataa kwa sababu tu ameshiba au kimemchosha kile kile cha jana. Endelea kumnyonyesha. Mpe kidogo, mpe tena baadaye, usimzibe pua, usimfanye akuogope. Akiwa na joto, akiharisha, akilegea, nepi ikikaa kavu, usiulize bombani. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Na fizi za mtoto zisiguswe na chuma cha mtu yeyote.

Na ukijua jambo linaloweza kumwokoa mtoto, usiliseme kwa lugha ya nyumbani kwako huku mama mwingine amesimama mlangoni. Liseme kwa lugha anayoisikia, hata kama atakucheka, hata kama atasema unamwonea. Ndiyo sababu nimekuita mwanangu bila kukujua, na ndiyo sababu nimeandika kwa Kiswahili.

Mungu akupe mtoto anayekojoa, anayelia kwa nguvu, anayekuchafulia nguo kwa ndizi. Akupe jirani mwenye mdomo wa kukuonya. Na Mama Lamaro, popote alipo, ampe siku moja ya kusikia kijiko kikigonga sahani asiumie.