Simiti Kwenye Kidonda

Nakumbuka siku moja, mwanangu, na kama unataka kucheka, cheka sasa hivi, maana huko mbele hakuna kicheko. Tulikuwa vibarua wa mjengo, mimi kijana wa mtaa wa Makina na rafiki yangu Mutua, Mkamba wa mtaa wa Kawangware, sehemu iitwayo Kongo. Kazi yetu ilikuwa kufunga vyuma vya nguzo kwa waya, mikono mitupu. Aliyevaa glavu tulimwita bibi harusi. Ujinga mtupu!

Adhuhuri ncha ya chuma ikampasua Mutua kiganja cha kulia. Alitaka kwenda kliniki. Mimi ndiye niliyemzuia.

Mambo ya geti la mjengo unayajua: asubuhi vibarua mnajipanga, fomani anayechagua wa kuingia anasema, "Leteni mikono," mnainyoosha, na mwenye bandeji anarudishwa nyumbani. Basi nikachota simiti kavu, nikaijaza kwenye kidonda, kisha nikamsugua mikono yote miwili ikawa kijivu kama yetu sote.

"Inachoma, buda!" akalia rafiki yangu.

"Jikaze. Kesho hakuna atakayejua."

Na kweli hakuna aliyejua. Kesho yake akachaguliwa, na kesho kutwa pia. Siku ya nne mkono ulikuwa umevimba hadi kwenye kiwiko, na homa imempanda hanitambui vizuri. Hospitalini daktari akafoka: ni mjinga gani aliyetia simiti humu? Nilikuwa nimesimama pale pale.

"Nilijipaka mwenyewe, daktari," Mutua akasema.

Nikanyamaza, mwanangu. Nikanyamaza kabisa. Mkono wakaukata.

Hadi leo tukikutana hunisalimia kwa mkono wa kushoto, na kwa kuwa mimi ni Mwislamu, huniomba radhi kwa hilo. Yeye aniombe radhi mimi! Nalichukia lile geti, lakini najichukia mwenyewe zaidi.

Sasa nisikilize. Vaa glavu, wakuite jina lolote wapendalo. Ukikatwa, osha kwa maji safi na sabuni, uende kliniki saa hiyo hiyo ukadungwe sindano ya pepopunda, hata kama geti litakukataa wiki nzima. Na mwenzako akiumia, usimfundishe kuficha, mshike umpeleke. Mola akurudishe nyumbani kila jioni na vidole vyako vyote, na siku ukikosea, akupe ule ujasiri nilioukosa mimi, wa kusema mbele ya watu: ni mimi niliyefanya.