Sifuri ya Bibi Namba Moja

Ukifika mtaani kwao ukaulizia fundi wa sare za shule, utajibiwa kwa swali: "Unamtaka Bibi Namba Moja?" Jina hilo hakupewa na mtu. Alijipa mwenyewe, kidogo kidogo, kwa miaka mingi, kwa kurudia jambo lile lile kila alipompima mtoto kiuno. "Simama wima. Mimi darasa la saba nilikuwa namba moja. Geuka. Namba moja, wanangu, si mchezo. Inua mkono." Mtoto alitoka pale na vipimo vya sketi na historia nzima ya fundi wake. Watu walipochoka kukumbushwa wakaona wamwite hivyo hivyo, yaishe. Naye, badala ya kuona anachekwa, akaitika.

Masomo yake yaliishia hapo hapo la saba, kwa sababu za enzi zile ambazo kila mzee anazijua. Lakini hilo la saba alilibeba kama mtu anavyobeba mkoba mpya: mbele, uonekane. Mpaka leo anakumbuka nani alikaa na nani, nani alikojoa darasani kwa hofu ya mwalimu wa hesabu, na kiatu kipi cha mwalimu huyo kilikuwa kikilia akitembea. Cha kushoto.

Nyumbani aliishi na mjukuu wake, mtoto wa bintiye wa pili, ambaye alimpachika jina la Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo. Mama wa mtoto alikuwa kazini mbali, na kuhusu shule alikwisha sema, "Mama, wewe ndiye uliye naye. Utakaloamua ndilo." Bibi alilipenda sana neno hilo. Kuamua alikuwa akikuweza. Kukosea ndiko alikokuwa hajazoea, au tuseme hajazoea kuambiwa.

Wilaya yao ni ndogo, shule za msingi za serikali zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, kwa hiyo matokeo ya mtihani wa darasa la saba yakitoka hayana pa kujificha. Hubandikwa ukutani nje ya ofisi ya elimu, shule ya kwanza juu, ya mwisho chini, na watu hushika njia kwenda kuangalia kama wanakwenda msibani. Mwaka huo shule ya Chiriku ilikuwa chini kabisa, pale ambapo mtu mfupi ndiye husoma vizuri. Chiriku mwenyewe alifaulu, lakini kwa alama za katikati. Alipangiwa sekondari ya kutwa ya pale pale wilayani, si ile ya bweni inayochukua vichwa.

Tatizo ni kwamba bibi alikwisha kata kitambaa. Sketi ya bweni ni ya zambarau, hakuna nyingine ya rangi ile wilaya nzima, naye aliishona wiki kadhaa kabla ya matokeo, akaitundika dirishani ili wapita njia waulize. Waliuliza. Matokeo yalipotoka wakauliza zaidi.

"Bibi, ile ya zambarau ni ya nani vile?"

"Pazia," akajibu bila kupepesa macho. Na ili asiwe mwongo, akaifumua jioni ile ile akaifanya pazia la dirisha la jikoni.

Kisha akamgeukia mtoto. "Utarudia darasa."

"Bibi! Nimefaulu!"

"Umefaulu kwa kuchechemea. Katika ukoo huu hatuchechemei."

"Nitakaa na watoto waliokuwa nyuma yangu. Na yale madawati, Bibi, magoti yangu nitayaweka wapi?"

"Magoti hayafanyi mtihani."

Kwa mara ya kwanza Chiriku alinyamaza. Alikwenda kukaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, kidevu juu ya hayo magoti, na chakula hakukigusa. Bibi aliona. Alijiambia ni hasira za kitoto, zitapoa kama chai. Shuleni walikwisha tangaza kwamba mlezi alete jibu mwisho Ijumaa ya wiki inayofuata: ama mtoto anakwenda, ama anarudia. Siku hiyo ikipita bila jibu, nafasi ya sekondari anapewa mwingine.

Kabla ya Ijumaa hiyo ukaitishwa mkutano wa wazazi. Muuza nyama alisimama akasema walimu hawafundishi. Mwingine akasema simu ndizo zinazoharibu watoto. Bibi Namba Moja akangoja wamalize, kwa maana mkubwa hasemi mwanzo, kisha akasimama na tepu yake ya kupimia bado shingoni.

"Mimi sitawalaumu walimu," alisema. "Mtihani wenyewe umekuwa rahisi! Zamani tuliandika majibu kwa maneno. Leo mtoto anawekewa majibu manne mezani kama vitafunio, kazi yake ni kuokota moja, na hilo moja linamshinda. Sisi tungeumaliza huku tunasinzia."

Watu wakapiga makofi. Mwalimu Mkuu, mama wa makamo ambaye sare yake ya kwanza ya shule alishonewa na bibi huyu huyu, alitabasamu kidogo. "Bibi yangu, shikamoo tena. Nina karatasi za hesabu zilizobaki. Jumamosi njooni wazazi muufanye, tuwe tunazungumza kitu tunachokijua. Ofisi ya elimu wana mashine ya kusahihisha, nitawaomba wazipitishe."

"Na matokeo yabandikwe ukutani!" bibi akapaza sauti. "Kama ya watoto. Tusifichane hapa."

Makofi yakazidi. Mtu anapochimba shimo huwa hajui kina chake.

Jumamosi walikuja watu kama kumi. Bibi alivaa gauni la kutokea, akachagua dawati la mbele. Kukaa akakaa, lakini miguu ilikataa kuingia. Alijaribu kwa upande wa kulia, akajaribu wa kushoto, mwishowe akakaa mshazari kama aliyepanda punda, na ubao wa dawati ukimkaba magoti kila alipopumua. Ilimpitia kichwani sauti ya mtoto fulani. Akaifukuza.

Mwalimu Mkuu akasoma maelezo ya kujaza karatasi ya majibu. Bibi hakusikiliza. Kusomewa maelezo ni kwa wasiojua kusoma! Tena kulikuwa na nini cha kueleza? Kila swali lilikuwa na viduara vinne, na mwalimu wake wa kiatu cha kushoto aliwafundisha tangu zamani namna ya kufanya palipo na majibu mengi ubaoni: futa uongo, bakiza ukweli. Basi akashika penseli, na kila swali akaviziba viduara vitatu vya uongo kwa weusi mzito, akaacha kimoja cha ukweli kikiwa cheupe kama meno. Kazi ilikuwa kubwa. Alishangaa wenzake wanavyomaliza haraka. "Wavivu hawa," akawaza, akinyoosha kidole kilichokufa ganzi.

Maswali yenyewe, akisimulia leo husema, yalikuwa na adabu mwanzoni. Kisha likaja la tangi. Bomba moja linajaza maji, bomba jingine linayatoa, yote yamefunguliwa kwa pamoja. Tangi litajaa baada ya muda gani? Hapo bibi, badala ya kukokotoa, akamkasirikia mwenye tangi. Nani huyo anayefungua bomba la kutolea wakati anajaza? Bili ya maji analipiwa na nani? Alikaa na hasira hiyo mpaka Mwalimu Mkuu akasema zimebaki dakika chache, ndipo akaziba viduara vya maswali yote yaliyobaki kwa kufuata moyo unavyopenda.

Jumatano matokeo yakabandikwa. Bibi alikwenda na Chiriku, ili mtoto ajionee. Wazazi walikwisha jaa ukutani. Walipomwona wakampisha njia, na ile namna ya kumpisha haikumpendeza. Alianza kutafuta jina lake juu. Akashuka. Akashuka tena. Akalikuta mwisho kabisa, akalazimika kuinama, na mbele yake kumeandikwa: 0.

"Bibi," muuza nyama alisema kwa upole wa kuudhi, "kweli uliumaliza huku unasinzia."

Vicheko vikalipuka. Chiriku peke yake hakucheka. Alimshika bibi yake mkono, jambo ambalo bibi anasema lilimuuma kuliko sifuri yenyewe.

"Mashine imelewa!" bibi akafoka. "Hata saa mbovu hupatia mara mbili kwa siku. Nataka karatasi yangu isahihishwe kwa macho ya binadamu!"

Mwalimu Mkuu akaitoa kwenye bahasha, akaitazama, akakunja uso, akaigeuza juu chini. "Bibi, mbona umeziba matatu matatu?"

"Nimefuta uongo. Hukufundishwa?"

"Tunaziba lile la kweli, Bibi. Nilisoma kwenye maelezo. Mashine ikiona matatu inakataa swali."

"Ahaa!" Bibi akawageukia watu, mikono kiunoni. "Mmesikia? Majibu yapo! Mwanangu, hesabu yale meupe. Hesabu kwa sauti."

Hapo angenyamaza. Mwenyewe leo anakiri kwamba kama kuna wakati katika maisha yake ambapo ulimi ungestahili kufungiwa kabatini, ni ule. Mwalimu Mkuu alihesabu, kwa sauti kama alivyoagizwa, akafika mwisho mapema mno.

"Kumi na moja, Bibi. Kwa arobaini."

Muuza nyama akadakia, "Hata mbuzi wangu, ukimwachia achague kwa kwato, anapata kumi."

Bibi alimtazama muda mrefu. Kicheko kikamjia, akakizuia, kikamshinda.

"Basi nimempita mbuzi," alisema, na akacheka mpaka akashika ukuta. Wakacheka wote, safari hii na Chiriku ndani yake, maana Chiriku akianza kucheka hana breki.

Alhamisi jioni, cherehani imefunikwa, bibi alimwita mjukuu mezani. "Mke mwenzangu, hebu njoo. Wewe ile hesabu ulipata ngapi?"

"Ishirini na tano."

"Hata lile la tangi?"

"Hilo nalo." Chiriku akachukua chaki ya kukatia nguo, akachora tangi juu ya kipande cha kitambaa cheusi, mshale unaoingia, mshale unaotoka. "Usimwangalie mwenye tangi, Bibi. Angalia kinachobaki. Kila dakika kinaingia hiki, kinatoka hiki. Kinachobaki ndicho kinachojaza."

Bibi akaangalia. Akauliza tena. Akaelezwa tena, taratibu, bila kuchekwa. "Kumbe!" alisema. Halafu, "Na ulijifunza wapi, kwenye shule ya mwisho?"

"Kwa Mwalimu Mkuu." Chiriku akaizungusha chaki vidoleni. "Bibi, na wewe ulipokuwa namba moja, darasa lenu mlikuwa wangapi?"

Bibi akakohoa. "Tisa."

"Tisa?"

"Na siku ya mtihani wawili walikuwa wanaumwa. Nenda kaoshe vyombo."

Ijumaa asubuhi alikuwa shuleni kabla kengele haijagongwa. Mwalimu Mkuu akamsogezea karatasi ya kuombea mtoto arudie darasa, kalamu juu yake.

"Hiyo ya nini? Nipe ya kwenda."

"Umebadili nia, Bibi?"

"Mtoto amenipita mara mbili na zaidi. Nikimrudisha nyuma aningojee, atangoja mpaka azeeke. Na nilikaa kwenye yale madawati yenu, mwanangu. Nimetembea nachechemea siku tatu." Akatia sahihi, kubwa, yenye mkia. "Mpeleke."

Mlangoni palitoka kigelegele kikali kama chuma kilichoangukia sakafu. Alikuwa Chiriku, aliyekuwa akisikiliza muda wote. Njia nzima ya kurudi nyumbani alitangulia mbele, akimwambia kila aliyekutana naye kwamba anakwenda sekondari, mwenye gari na mwenye kikapu, hata waliokuwa hawajauliza. Bibi akamfuata nyuma kwa mwendo wa magoti yake.

"Hongera, Bibi!" watu waliita kutoka vibarazani. "Na wewe je, mtihani umepata—"

"Kumi na moja!" bibi akawakatiza kwa sauti ya kufika ng'ambo ya barabara, kichwa juu. "Kwa arobaini!"