Kaka Yangu Ndiye Aliyewachinja Wale Kuku

Admin, nakuomba usiweke jina langu wala la ofisi yangu, maana Kilosa ni ndogo na wanaonifahamu wanausoma ukurasa huu. Mimi ni binti wa miaka ishirini na minne, Mkristo, nina diploma ya utunzaji kumbukumbu, na ni karani kwenye ofisi moja binafsi hapa mjini. Bado niko kwenye majaribio. Mwezi wa kwanza bosi ataamua kama nathibitishwa au narudi kwetu Mikumi.

Ofisini kwetu Mkristo ni mimi peke yangu. Sijawahi kubaguliwa kwa hilo. Idi zote mbili mwaka huu nimekula pilau kwa wenzangu mpaka nikafungashiwa. Kwa hiyo Krismasi ilipokaribia nilijua zamu yangu imefika, nikajipanga mapema. Mshahara niliugawa: kitenge cha mama, nguo za sikukuu za watoto wa kaka yangu, zawadi ndogo ya rafiki yangu ninayepanga naye chumba, na kitu cha kuwapa wenzangu siku ya kufunga ofisi kwa sikukuu. Nilifikiri soda na sambusa zingetosha.

Mhasibu wetu alipozisikia hizo soda, nikawa kichekesho chake. Kila asubuhi namwamkia shikamoo, anaitika marahaba, halafu anasema mbele ya watu, "Idi ulikula mpaka ukabeba, Krismasi unageuka Msabato?" Wenzangu wanacheka. Siku moja tulipobaki wawili aliniambia kwa sauti ya chini kwamba wachoyo huwa hawadumu pale. Huyu ndiye anayekaa na bosi kila jioni. Niliogopa. Nikaamua kupika pilau la kuku, na fungu la nguo za watoto likaingia humo.

Kaka yangu anafuga kuku Mikumi, anawauzia mama ntilie wa barabara kuu. Nilimwomba aniuzie kwa bei ya ndugu, nikamsisitizia awapeleke kwa mzee wa Kiislamu anayewachinjia wale mama ntilie. Hapa kwetu jambo hilo halihitaji maelezo, hata kwenye harusi za Wakristo anatafutwa Mwislamu wa kuchinja ili kila mgeni ale. Hela ya mzee niliituma kabisa. Kuku wakaja na gari la asubuhi, wamenyonyolewa tayari, ndani ya ndoo yenye barafu.

Siku ile watu walikula vizuri. Kabla ya kuanza, mama mmoja wa masijala, aliyenifundisha kazi tangu nilipofika, aliniuliza, "Nani kachinja, mwanangu?"

Nikamjibu, "Mzee wa Kiislamu kule Mikumi, mama."

Akasema bismillahi, akala. Hata mhasibu aliongeza sahani, akasema kumbe kupika najua, nilikuwa naficha tu.

Jioni nilimpigia kaka kumshukuru, na kumwomba radhi kwamba nguo za watoto zitachelewa mpaka mshahara ujao. Akacheka kicheko nisichokipenda. Akaniambia yule mzee hakuwapo, alikuwa amekwenda msibani Kimamba, kwa hiyo kuku aliwachinja yeye mwenyewe na hela ya mchinjaji akanunulia pumba. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mapema.

"Kuku hajui dini ya kisu," akasema. "Watu baki unawapikia pilau, wanangu hata kandambili hujawanunulia. Sasa nisikilize, bosi. Nguo za watoto zifike kabla ya sikukuu, na ya mama yao pia. Zisipofika nakuja Kilosa mwenyewe kuwaambia wenzako walikula nini."

Nikamwambia, kaka, mimi si damu yako? Akajibu kuwa leo ndiyo nimeikumbuka hiyo damu. Tangu hapo haachi kunitumia ujumbe. Jana ameuliza yule mhasibu niliyekuwa namlalamikia anaitwa nani, na ofisi yetu iko upande gani wa soko.

Nilimweleza mama yangu mzazi. Akasema nimpe kaka hela ya kitenge chake, yaishe. Lakini hayataisha. Nikimpa sasa atarudi Pasaka, na shule zikifungua atarudi tena. Rafiki yangu wa chumbani anasema ninyamaze, kuku wameshaliwa. Nami nakiri kwamba kazi hii naihitaji. Mhasibu akisikia, hatasema nilidanganywa. Atasema niliwalisha kibudu makusudi kulipiza maneno yake, na nikijiweka mahali pa wale waliocheka, naona watamwamini. Mimi ndiye niliyeleta chakula, na mimi ndiye niliyejibu.

Kinachonikondesha zaidi ni yule mama wa masijala. Wengine walikula kwa sababu chakula kilikuwa mezani. Yeye aliuliza kwanza, akala kwa neno langu. Jana kanitumia salamu nisisafiri kwenda Mikumi bila kupita nyumbani kwake, amenitafutia kanga ya Krismasi. Kesho lazima nipite. Nitakaa kwenye mkeka wake, nitapokea zawadi kwa mikono miwili, na sijui nitamtazamaje usoni.

Ndugu zangu, nawaomba mawazo wote, lakini Waislamu mnaosoma hapa nawaomba zaidi. Msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha. Ingekuwa ninyi ndio niliowapikia siku ile, mngetaka niwaambie, au mngetaka nife na siri yangu? Na kama mngetaka kuambiwa, nielekezeni pia nikifika kwa yule mama kesho nianze na neno gani, kabla kaka hajafika kulisema yeye.