Mshono wa Fundi Mwingine

Siku tatu mfululizo mama fundi cherehani alikuwa wa kwanza mlangoni pa benki, utepe wa kupimia ungali shingoni, kidole chenye makovu ya sindano kikigonga taarifa ya kadi yake ya mkopo. "Mwanangu, manunuzi haya si yangu." Sauti ile ile, haipandi wala haishuki. Karani wa kadi naye alimjibu yale yale ya jana na juzi: kadi ni yako, mama, pengine umesahau. Siku ya tatu, ili mama aondoke, karani akamsomea shingo upande kilichonunuliwa: magauni matatu ya dukani, yameagizwa mtandaoni.

Mama fundi akavua koti lake, akaligeuza upande wa ndani, akalitandaza juu ya kaunta na kupitisha kidole kwenye mishono iliyonyooka kama imepigwa rula. "Tangu nijue kushona, hakuna uzi wa fundi mwingine uliogusa mwili huu. Hata gauni la harusi nilijishonea mwenyewe. Haya, andika hilo."

Karani akavuta fomu ya malalamiko, na kwa mkono wa pili akachomekea taratibu pindo la shati lake lililofumuka.